Kwenda Tenby kwa kufuata maji: mwongozo kamili wa mji wa bandari wa Wales

Kila kiangazi malalamiko ni yale yale. Mtu katoka Reading au Birmingham na watoto, kafika Tenby, mji wa bandari wenye ukuta wa mawe katika pwani ya kusini-magharibi ya Wales, na mambo matatu yamemkatalia kwa mpigo. Caldey, kisiwa cha watawa, hakiendeki kwa sababu ni Jumapili, ngome ya St Catherine, iliyo juu ya jabali linalofikika kwa miguu maji yakipwa tu, imezungukwa na maji, na gari halina pa kuegesha. Anarudi na picha za nyumba za rangi rangi, basi.

Chanzo karibu kila mara ni kimoja. Siku imepangwa kwa saa ya mkononi, na Tenby inakwenda kwa kupwa na kujaa. Ukilijua hilo, mji mzima unakufungukia. Historia yake utaisoma kwenye vibao ukutani ukiwa huko; hapa ni kazi tu.

## Vitu vya kuandaa

Jedwali la maji la Tenby, la tarehe yako hasa. Usichukue la Cardiff ukidhani Wales ni ile ile. Cardiff iko ndani zaidi ya ghuba, maji yake hujaa baadaye na kwa kimo kikubwa zaidi.

Kalenda inayoonyesha mwezi. Kalenda ya Kiislamu ya ukutani inatosha kabisa.

Viatu vyenye soli inayoshika. Mawe ya pwani yana mwani, na mwani ulioloa huteleza vibaya. Ndala zako ni za mchangani tu.

Koti la upepo, hata Agosti. Bahari wakati huo huwa na joto la nyuzi 16 au 17 hivi, na upepo wa jioni haujali kwamba jua lilikuwa kali mchana. Aliyezoea maji ya Nungwi asitarajie kuoga kwa saa nzima.

Kadi ya benki, pesa taslimu kidogo na simu yenye chaji.

Hati za safari, kama unatoka nje ya Uingereza. Wales haina visa yake. Visa ya matembezi ya Uingereza inakufikisha. Mtanzania na Mkenya wanahitaji visa na waombe mapema. Raia wa Oman na nchi nyingine za Ghuba huomba kibali cha kusafiri cha kielektroniki badala ya visa.

## Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa mwezi

Hatua hii ndiyo watu wanaoiruka, na ndiyo inayoamua kila kitu.

Pwani ya Afrika Mashariki tunajua bamvua na maji mafu. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu: maji hujaa sana na kupwa sana. Maji mafu huja mwezi ukiwa nusu, bahari ikawa haina haraka. Tenby ni vivyo hivyo, ila kwa kipimo kikubwa. Mombasa au Unguja siku ya bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika kama mita 4. Tenby hupita mita 7. Ni sawa na nyumba ya ghorofa mbili kuzama na kuibuka, mara mbili kwa siku.

Sasa lililo muhimu zaidi. Tenby, siku za bamvua maji hufika mwisho wa kupwa mchana, na siku za maji mafu hujaa mchana. Haibadiliki mwezi hata mwezi. Kwa hiyo ukitaka kutembea mchangani hadi St Catherine, chagua siku ya mwezi mpevu au mwandamo, au siku mbili zinazofuata. Kiangazi, maji yatakuwa chini kabisa kati ya saa 7 na saa 9 mchana. Kila siku inayopita, muda husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Kisha angalia siku ya wiki. Boti za kisiwa cha Caldey haziendi Jumapili, kwa kuwa ni siku ya ibada ya watawa. Jumamosi huenda katika baadhi ya miezi tu. Msimu wenyewe ni kuanzia karibu na Pasaka hadi Oktoba. Siku salama ni Jumatatu hadi Ijumaa, na ukiweza epuka likizo za shule za Julai na Agosti. Kwangu mimi Juni na mwanzo wa Septemba ndio wakati wa Tenby. Juni jua huzama baada ya saa 3 usiku, una siku ndefu ajabu. Wanaoswali wakumbuke kwamba na Isha nayo itachelewa mno.

*Ukishafanikiwa hatua hii*, utakuwa na tarehe moja ya katikati ya wiki, karibu na mwezi mpevu au mwandamo, na nyingine ya akiba.

## Hatua ya 2: Soma jedwali bila kujipoteza

Kuna mitego miwili, yote ya saa.

Wa kwanza: majedwali mengi ya kuchapishwa hutumia saa za Greenwich (GMT) mwaka mzima. Uingereza husogeza saa mbele kwa saa moja kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Tafuta maandishi madogo juu au chini ya jedwali. Yakisema Greenwich, ongeza saa moja.

Wa pili ni wetu sisi. Jedwali likiandika 12:40, hiyo ni saa 6 na dakika 40 mchana. Ukiongeza saa moja ya kiangazi inakuwa 13:40, yaani saa 7 na dakika 40. Andika namna zote mbili kwenye karatasi. Mkiwa watu sita na kila mmoja anahesabu kichwani kwake, lazima mmoja atakosea.

Chukua mfano huo wa 13:40. Maji yatakuwa yamejaa mara ya mwisho karibu saa 1 na nusu asubuhi, na yatajaa tena karibu saa 2 usiku.

Onyo: maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kupwa ni kama yamelala. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokimbia, karibu nusu ya kimo chote kwa saa mbili. Siku ya bamvua hiyo ni karibu mita 2 kila saa. Mtu aliyetazama saa ya kwanza akasema "mbona polepole" ndiye anayekuja kuokolewa.

## Hatua ya 3: Fika mapema

### Kwa treni

Kutoka London panda stesheni ya Paddington hadi Swansea, karibu saa 3. Kutoka Swansea hadi Tenby ni kati ya saa moja na nusu na mbili. Treni za sehemu hii ya pili hupita kila baada ya saa 2 hivi, kwa hiyo ukikosa moja umepoteza asubuhi yako.

Soma ubao wa treni: iandikwe Pembroke Dock. Njia za reli huachana Whitland. Treni za Milford Haven na Fishguard hazifiki Tenby, na zote huonekana sawa ukizitazama kwa nje.

Ukipita Narberth, Kilgetty na Saundersfoot, stesheni inayofuata ni yako. Kwenye ubao utakuta pia jina la Kiwelisi, Dinbych-y-Pysgod, usishtuke. Kutoka stesheni hadi ukuta wa mji ni dakika kumi hivi kwa miguu, na begi la magurudumu linapita bila shida.

Ukilala Swansea au Carmarthen usiku wa kabla, boti ya kwanza unaipata. Ukitoka London alfajiri siku hiyo hiyo, Caldey itakuwa ya mbiombio. Mimi ningelala Tenby kwenyewe, maana mji ukishaondokewa na wageni wa mchana unakuwa mwingine.

### Kwa gari

Ndani ya ukuta barabara ni nyembamba na mitaa kadhaa hufungwa kwa magari mchana wakati wa kilele cha kiangazi. Usithubutu kuifuata sauti ya ramani ya simu inayokwambia "geuka kushoto" hadi mlangoni pa hoteli. Egesha nje ya ukuta. Maegesho ya umma yapo, ila siku za likizo hujaa kabla ya adhuhuri. Fika kabla ya saa 3 na nusu asubuhi, au ulale na gari ukaliache huko huko ulipolala.

*Umefanikiwa* ikiwa saa 3 na nusu uko juu ya bandari, unazitazama mashua chini zikiwa bado zinaelea.

## Hatua ya 4: Caldey asubuhi

Mpango wa siku ya bamvua ni huu: Caldey kwanza, St Catherine baadaye. Ukigeuza, utaharibu vyote viwili.

Tiketi za boti huuzwa kibandani juu ya bandari. Hakuna kiti chenye jina lako. Unapanda boti itakayokuja na kurudi na yoyote ya siku hiyo. Safari ni dakika 20 hivi. Bahari ikichafuka hawaendi, na hapo hakuna wa kubembeleza. Uliza asubuhi kabla hujapanga mengine.

Jambo linalowachanganya watu kila siku: pa kupandia hubadilika na maji. Maji yakiwa mengi, boti huondoka kwenye ngazi za bandari. Yakipwa, bandari yote inakauka, na boti huhamia upande wa pili wa kilima, Castle Beach, ambako abiria hupanda kwa gati la magurudumu. Muulize mwenye kibanda wakati wa kununua: "Tunapandia wapi sasa, na mtatushushia wapi mchana?" Swali la pili ndilo la maana.

Kwa nini? Kwa sababu kwa mfano wetu wa 13:40, asubuhi utaondokea bandarini, na ukirudi saa 7 mchana utashushwa Castle Beach. Ukigeuza kichwa tu, St Catherine iko mbele yako, mchanga mtupu hadi mguuni pake.

Kisiwani wanaishi watawa wa kiume wa shirika la Kikatoliki la Cistercian tangu 1929. Kutoka gatini ni kupanda taratibu hadi kijijini. Hapo kuna abasia, duka la chokoleti na la manukato wanayoyatengeneza wenyewe, na sehemu ya chai. Nenda na kwenye kanisa la makao ya zamani ya watawa, lenye jiwe la maandishi ya kale ya Ogham, kisha panda hadi kwenye mnara wa taa. Saa mbili na nusu zinatosha bila kukimbizana.

Vaa kama mtu anayekwenda mahali pa ibada. Makao ya watawa si makumbusho; fuata vibao vya pa kuingia na pa kuishia. Pa kuogelea ni Priory Bay, ufuo ule ule unaoshukia. Usijaribu kwingine: kuna majabali na mkondo.

## Hatua ya 5: Vuka kwenda St Catherine

Jabali hili lina ngome juu yake, iliyojengwa kuanzia 1867 kwa hofu ya Wafaransa. Huingiliwa kwa tiketi yake peke yake, siku ambazo wahusika wametangaza. Angalia tangazo lao jana yake; ngome ikiwa imefungwa, bado unaweza kulizunguka jabali chini na kutazama mapango yake kwa mbali.

Fanya hivi:

1. Simama Castle Beach utazame mchanga. Kama bado kuna mkono wa maji kati yako na jabali, ngoja. Usikunje suruali.
2. Ukikauka kabisa, vuka. Siku za maji mafu huenda usikauke hata kidogo, ndiyo maana tulianza na mwezi.
3. Weka kengele ya simu iite dakika 45 baada ya saa ya kupwa. Ikilia, shuka.
4. Saa moja baada ya kupwa, watu wako wote wawe upande wa mji.

Kanuni hiyo ya saa moja ni ya uoga, nakiri, na wenyeji wataipita mbele ya macho yako. Wao wanajua mchanga unaanza kulowa wapi. Kwenye tambarare ile maji hayaji na wimbi la kukutisha. Huanza kama unyevu kwenye nyayo ulizoziacha, kisha nyayo zinageuka vidimbwi, kisha vidimbwi vinaungana, na yote hayo nyuma yako wakati unapiga picha.

Ukikwama, kaa juu ya jabali. Piga 999, omba Coastguard (walinzi wa pwani), sema jina la mahali. Usivuke kwa kuogelea hata kama unaona ni hatua ishirini. Ukiangukia majini, lala chali, masikio ndani ya maji, elea hadi pumzi itulie. Maji baridi hukata pumzi kwa dakika ya kwanza na ndiyo inayoua.

*Dalili ya mafanikio:* viatu vikavu wakati wa kurudi.

Kabla maji hayajapanda pitia bandarini. Mashua zitakuwa zimelala ubavu mchangani, minyororo imevaa mwani. Angalia miguu, kamba ni nyingi. Upande wa kaskazini, North Beach, Goscar Rock nalo litakuwa limesimama peke yake kwenye mchanga mkavu.

## Hatua ya 6: Maji yakijaa, ingia ndani ya ukuta

Alasiri fukwe zinasinyaa na kila mtu anapanda mjini kwa wakati mmoja. Anza na Castle Hill, kwa kuwa uko jirani. Hapo pana makumbusho ya mji yaliyoanzishwa 1878, yenye michoro ya Augustus John, aliyezaliwa hapa, na dada yake Gwen John, ambaye kwa jicho langu alimzidi. Chini yake kuna kituo cha boti za uokoaji. Pakiwa wazi ingia uione boti ilivyokaa juu ya mteremko wake, tayari kuachiwa.

Shuka Quay Hill kwenye nyumba ya mfanyabiashara wa enzi za wafalme wa Tudor, inayotunzwa na National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale. Ni ndogo, sakafu zimepinda, na watoto watakumbuka choo chake kuliko kitu kingine chochote.

Kanisa la St Mary halihitaji tiketi. Tafuta kumbukumbu ya Robert Recorde, mzaliwa wa Tenby: ile alama ya = uliyoiandika tangu darasa la kwanza ni yeye aliyeianzisha katika kitabu chake cha 1557. Malizia Five Arches, lango la ukuta lenye matao, ukitokea South Parade. Jiwe linapigwa vizuri na jua la jioni, basi picha ziache hadi hapo.

## Hatua ya 7: Kula bila kuporwa

Shakwe wa Tenby ni wezi waliohitimu. Hawaji wakikutazama, hutokea nyuma ya bega na kuondoka na samaki mzima. Kula ukiwa umeegemeza mgongo ukutani, au ndani. Usiwarushie hata kipande kimoja, unamharibia atakayekuja baada yako.

Kwa wanaochunga halali: usiulize samaki tu, uliza wanakaangia mafuta gani. Baadhi ya maduka ya samaki na chipsi Uingereza hutumia mafuta ya ng'ombe. Swali ni la kawaida, hawakasiriki.

## Hatua ya 8: Ukiwa na siku ya pili

Njia ya miguu ya pwani ya Pembrokeshire, kilomita 299 kwa jumla, inapita hapa hapa. Chukua kipande kimoja tu.

Kwenda Saundersfoot, kaskazini, ni kilomita 6 na nusu hivi, kupanda na kushuka msituni. Tenga saa 2 na nusu. Fuata alama ya tunda la mwaloni. Usikatize kwa kuzunguka Monkstone Point ufukoni. Maji yatakubana kwenye majabali. Kurudi, kumbuka stesheni ya Saundersfoot iko mbali na ufuo, na treni haisimami mpaka uisimamishe: nyosha mkono dereva akuone, kama unavyosimamisha daladala.

Kwenda Penally, kusini, ni kutembea South Beach yote, mchanga tambarare unaofaa wazee na watoto. Ukipanda Giltar Point angalia bendera nyekundu. Zikiwa juu, jeshi linapiga shabaha. Pita njia ya ndani iliyoelekezwa.

Fukweni bendera zina maana nyingine: nyekundu na njano pamoja ni eneo la kuogelea lenye walinzi, nyekundu peke yake ni usiingie majini.

## Hatua ya 9: Panga kuondoka kabla hujachoka

Treni ya mwisho ya kukufikisha London au Birmingham usiku huo huo huondoka mapema kuliko unavyodhani, na Jumapili ni chache zaidi. Piga picha ya ratiba ya kurudi asubuhi ulipofika stesheni, maana jioni mtandao na kichwa vyote huwa vimechoka. Lenga treni iliyo moja kabla ya ile ya mwisho.

Ikikupita hiyo, panda ya mwisho hata kama inaishia Carmarthen au Swansea ukalale huko. Ikikupita na hiyo, tafuta chumba kabla hata hujatoka stesheni: Agosti vyumba vya Tenby hujaa, na Kilgetty, Pembroke au Saundersfoot ndiko kwa kupiga simu kwanza.